Farasi 109 kwenye tangazo, 78 kwenye roli: kisa cha Malindi

Mnunuzi mmoja wa Malindi ana stesheni wegoni ya Kijapani: injini ya petroli ya lita 1.5 isiyo na tabo, giaboksi otomatiki ya gia 4, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Odomita inasoma kilomita 142,000. Tangazo la yadi liliandika "109 hp". Akalipandisha gari kwenye dainamomita ya roli, mashine inayopima nguvu magurudumu yakizungusha roli, katika gereji ya mwambao, karatasi ikatoka na 78.5 hp. Akapiga hesabu na kuona upungufu wa asilimia 28. Dai lake ni kwamba kiwanda kimedanganya.

Kisa hiki tumekiunda kutokana na malalamiko ya aina hii. Si gari la mtu fulani, na vipimo vyake vimepangwa ili kila hatua ihesabike. Kanuni, fomula na viwango vya upimaji ndivyo vinavyotumika kwa kweli. Swali ni moja: je, 78.5 kwenye roli inatosha kumwita mtengenezaji mwongo? Haitoshi, na kosa liko kwenye kulinganisha namba mbili ambazo hazisemi jambo moja.

Tangazo linaahidi nini hasa

Kwanza soma kipimo. Watengenezaji wa Japani huandika PS, ile nguvu ya farasi ya kimetriki yenye wati 735.5. Hp ya Kiingereza na Kimarekani ni wati 745.7. Kwa hiyo 109 PS ni kilowati 80.2, sawa na hp 107.5. Yadi iliponakili 109 na kubandika "hp" mbele yake iliongeza farasi mmoja na nusu ambao kiwanda hakikuwaahidi. Kosa hili ni dogo, lakini ni la muuzaji, na lisipohesabiwa litamwangukia asiyehusika. Dawa yake ni kugeuza kila kitu kuwa kilowati kabla ya kubishana.

Pili, 80.2 kW ni nguvu inayopimwa mwishoni mwa krenkishafti, yaani shafti kuu ya injini, injini ikiwa peke yake kwenye benchi, imefungiwa filta yake ya hewa, eksosi yake, pampu ya maji na altaneta. Hiyo ndiyo nguvu halisi kwa maana ya viwango vya sasa. Haikuwa hivyo siku zote. Marekani ilitangaza nguvu ghafi, injini ikiwa imevuliwa vifaa vyake, mpaka magari ya modeli za 1972 yalipohamia nguvu halisi. Japani nayo ilihama katika miaka ya 1980. Mwenye gari la zamani asilinganishe namba ya brosha yake na ya gari la leo bila kujua ilipimwa kwa kanuni ipi.

Tatu, namba hiyo imerekebishwa kwa hewa ya rejea. ISO 1585 na Kanuni ya 85 ya Umoja wa Mataifa zinachukua nyuzi 25 za Selsiasi na shinikizo la hewa kavu la kilopaskali 99. Kiwango cha J1349 cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, nacho kinatumia hewa hiyo hiyo. Malindi ya saa nane mchana haiko hivyo.

Namba inaweza kubadilika bila chuma kuguswa. SAE ilipokaza masharti yake na mwaka 2005 kuweka utaratibu wa J2723, ambao unamtaka shahidi wa nje asimamie upimaji, Toyota Camry ya V6 ya lita 3.0 ilishuka kutoka hp 210 hadi 190. Injini ya LS7 ya Chevrolet Corvette Z06 ikapanda kutoka 500 hadi 505. Aliyenunua Camry mwaka mmoja kabla hakuwa na injini yenye nguvu zaidi ya aliyenunua baadaye. Kilichobadilika ni masharti ya ahadi. Anayehukumu bila kuyasoma masharti hayo anahukumu tarakimu tupu.

Mtego wa asilimia 15

Wengi wanajua kwamba roli hupima nguvu kwenye magurudumu, baada ya giaboksi, shafti na tairi kula sehemu yao. Basi huchukua desturi ya gereji: "ongeza asilimia 15." Tuijaribu. Hp 78.5 ni kW 58.5. Ukigawanya kwa 0.85 unapata 68.8, na gari liko chini ya tangazo kwa asilimia 14. Kiwanda kina hatia. Mwingine atasema otomatiki hula asilimia 25, 58.5 kwa 0.75 ni 78.0, na upungufu haufiki asilimia 3. Kiwanda kimeachiwa huru. Gari ni lile lile na karatasi ni ile ile, ila kila mmoja amechagua hukumu yake kwa kuchagua asilimia. Tunaipinga desturi hii kabisa. Inaweza kumficha mtengenezaji aliyedanganya kweli na inaweza kumchafua aliyesema kweli, na anayeitumia hatajua amefanya lipi.

Upotevu unapimwa. Baada ya kuvuta gia hadi mwisho, weka giaboksi nyutro bila kukanyaga breki, uache roli zipungue mwendo zenyewe. Mashine hurekodi zinavyopungua na kukokotoa nguvu inayoliwa na tairi, bearingi na gia za mwisho katika kila mwendo. Katika kisa chetu gia iliyotumika ni ya 3, yenye uwiano wa 1:1, na kwenye mwendo wa kilele upotevu ulikuwa kW 11.6. Hesabu hii ina tundu moja kwenye otomatiki: ukiwa nyutro, toku konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) haibebi mzigo, kwa hiyo mtelezo wake haumo ndani ya 11.6. Kumbuka tundu hilo, litarudi.

Hewa ya Malindi

Fomula ya Kanuni ya 85 kwa injini ya petroli ni hii: gawanya 99 kwa shinikizo la hewa kavu, pandisha kwa kipeo cha 1.2, zidisha kwa joto la hewa inayoingia (nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273) likigawanywa kwa 298, likipandishwa kwa kipeo cha 0.6.

Siku ya kipimo barometa ilisoma kPa 101.2, joto la kivuli nyuzi 31, unyevu asilimia 70. Unyevu wa pwani si jambo la kupuuza: kwa joto hilo mvuke wa maji peke yake unachukua kPa 3.1, na mvuke hauunguzi petroli. Hewa kavu inabaki kPa 98.1. Tungetumia joto la kivuli, kizidishi kingekuwa 1.024. Lakini injini haikuvuta hewa ya kivulini. Feni ya gereji ilikuwa ndogo, bonneti imefungwa, na kipimajoto kilichowekwa kwenye mdomo wa filta kilionyesha nyuzi 44. Kizidishi cha kweli ni 1.050.

Hapa ndipo karatasi nyingi za dainamomita zinapoharibika, tena kwa pande zote mbili. Kihisi cha hali ya hewa kikining'inia ukutani penye ubaridi, injini inanyimwa haki yake. Kikiwekwa karibu na eksosi, kinasoma joto kubwa na programu inaongeza nguvu ya bure. Dai karatasi yenye namba ghafi, joto, shinikizo na unyevu, na uulize kihisi kilikuwa wapi. Karatasi yenye neno "imerekebishwa" bila viungo hivyo haiwezi kuwa ushahidi.

Tukirudi kwenye kipimo cha kwanza: 58.5 jumlisha 11.6 ni 70.1, zidisha kwa 1.050 upate 73.6 kW. Upungufu si asilimia 28 tena. Ni 8.2.

Muuzaji angeweza kushauri gari lipelekwe Nairobi kupimwa upya. Hapana. Kule juu barometa husoma karibu kPa 83. Kwa nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 55, kizidishi kinafika takriban 1.25, wakati Kanuni ya 85 inakubali kati ya 0.93 na 1.07 tu kwa injini za petroli. Nje ya mipaka hiyo fomula inakisia. Malindi, pamoja na joto lake, iko ndani ya mipaka, na kwa mgogoro wa namna hii usawa wa bahari ni mahali bora kuliko bara. Wapimaji wa bara wajihadhari na jambo jingine: programu za hali ya hewa za simu hutoa shinikizo lililogeuzwa kuwa la usawa wa bahari. Malindi tofauti haionekani. Nairobi utaingiza kama kPa 101 au 102 badala ya 83, na hesabu yote itakuwa batili.

Kwa injini yenye tabo, marekebisho haya hayafai kutumiwa kwa upofu hata kidogo. Kompyuta yake inaweza kulinda shinikizo la tabo mahali pa hewa nyembamba, na ukiirekebisha kama injini ya kawaida utaipa farasi ambao haikuwahi kuwakosa.

Asilimia 8 ni ya nani

Sasa tuko mahali pagumu, kwa sababu asilimia 8 ni kiasi ambacho watengenezaji wamewahi kukosea kweli. Mazda ilitangaza MX-5 ya modeli ya 2001 kwa soko la Marekani ikiwa na hp 155, kisha ikakiri ni 142 na kuwapa wateja nafasi ya kurudisha magari. Hiyo ni asilimia 8.4. Mwaka 1999 Ford ilisimamisha uuzaji wa Mustang Cobra ya 1999 iliyotangazwa kwa hp 320, ikarekebisha njia za hewa na eksosi. Hyundai na Kia nazo zilikiri mwaka 2002 kwamba zilikuwa zimezidisha namba Marekani. Mnunuzi wetu haoti, basi. Mambo haya hutokea. Shida ni kwamba filta chafu na plagi zilizochoka hutoa pengo la ukubwa ule ule, na roli haiwezi kukuambia lipi ni lipi.

Kwa hiyo gari linakaguliwa kabla ya mtengenezaji kutajwa. Anza na mshindo (kompresheni, shinikizo ndani ya silinda), kwa sababu ukiwa mbaya hakuna haja ya kuendelea: silinda zote nne zilisoma kati ya bar 12.0 na 12.6, zimelingana. Kisha hakikisha kikoba cha hewa, yaani throto inayofunguliwa na pedeli kuingiza hewa kwenye injini, kinafunguka chote. Unganisha kisomaji cha kompyuta ya gari, kanyaga pedeli hadi chini injini ikiwa imezimwa lakini swichi imewashwa, utazame asilimia ya ufunguzi. Mkeka wa mpira uliokunjamana chini ya pedeli hula sehemu ya mwisho ya mwendo wake. Kagua nyaya za athi (earth). Chumvi ya bahari hula ncha zake. Zima eyakondishna, kwani nguvu iliyotangazwa haikupimwa nayo ikifanya kazi, na si kila gari huikata yenyewe pedeli inapofika chini.

Filta ya hewa usiihukumu kwa macho. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uupinde kama herufi U, utie maji nusu, uchomeke upande mmoja kwenye njia ya hewa baada ya filta na kabla ya kikoba. Tegesha mpira wima na uufunge vizuri, maana maji yakivutwa ndani ya injini utakuwa umezua hasara nyingine. Injini ikivuta kwa nguvu zote kwenye roli, soma tofauti ya vimo vya maji. Gari hili lilionyesha sentimita 45, yaani kPa 4.4. Kwa filta mpya ilikuwa sentimita 15, kPa 1.5. Filta ilikuwa imeshiba vumbi la barabara za murramu.

Plagi zilikuwa na pengo la milimita 1.5, badala ya 1.1 ya kitabu cha gari. Tairi za mbele zilikuwa na psi 24. Kibandiko cha mlango kilitaka 33. Petroli haikuwa na neno: injini hii ilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni okteni 89, na super ya vituo vyetu iko juu ya hapo. Ingekuwa injini inayotaka petroli ya daraja la juu ya kule, yenye okteni 96 kwenda juu, swali hilo lingestahili sura yake peke yake, kwa kuwa kompyuta ikisikia injini inagonga hurudisha nyuma cheche na nguvu hushuka.

Kipimo cha pili: filta mpya, plagi mpya, tairi psi 33, feni kubwa mbele ya radieta. Hewa ya kuingia ikashuka hadi nyuzi 38, kizidishi kikawa 1.038. Injini iliachwa ipoe kiasi kile kile kati ya mivuto mitatu, ambayo ilitoa kW 63.2, 63.9 na 63.7, wastani 63.6. Mvuto mmoja hautoshi kamwe. Wa kwanza mara nyingi hukuta mafuta ya giaboksi bado baridi. Upotevu ulipungua hadi 10.9 kwa sababu ya upepo wa tairi. Jumla 74.5, mara 1.038, sawa na kW 77.3. Upungufu umebaki asilimia 3.6.

Barabarani

Ushahidi wa pili hausumbui sana kuupata. Gari na waliomo lilipimwa kilo 1,220. Kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya kwenda Mambrui, alfajiri, gia ya 2, mwendo ulirekodiwa kutoka kilomita 85 hadi 95 kwa saa kwa kifaa cha setilaiti kinachosoma mara 10 kwa sekunde. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 1.65. Ukiongeza asilimia 6 kwa ajili ya vitu vinavyozunguka, kuongeza mwendo kulikula kW 54.4, kusukuma hewa kama 6.8, kubingirika kwa tairi kama 3.6. Jumla 64.8, ambayo inakaa vizuri kando ya 63.6 ya roli.

Lakini ikumbukwe hesabu hii ni nyepesi kiasi gani. Kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde linahamisha kW 3.3. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100, ambao jicho halioni, unakula kW 3. Na kusi ikivuma mita 6 kwa sekunde, tofauti kati ya kwenda nayo na kurudi dhidi yake ni kW 6.5, ndiyo maana lazima upime pande zote mbili na kuchukua wastani, na ndiyo maana alfajiri, kabla ya upepo kuamka. Barabara hiyo ina malori na bodaboda. Kama haiko tupu mbele na nyuma, acha. Kwa matumizi yetu kipimo cha barabara kinathibitisha tu kwamba roli haikupotea njia. Hakiwezi kumhukumu mtu peke yake.

Kwa jirani zetu wa Lamu, ambako swali hili huulizwa zaidi juu ya mashine za boti: tangu miaka ya 1980 nguvu za mashine za nje ya boti hupimwa kwenye shafti ya propela, baada ya gia zake. Asilimia za giaboksi zinazozungumzwa kwa magari usizipeleke huko.

Hukumu

Tukichukua malalamiko ya kwanza, pengo lote lilikuwa kati ya 109 iliyodhaniwa kuwa hp, yaani kW 81.3, na 58.5 ya roli: kW 22.8. Katika hizo, 1.1 ni kipimo kilichoandikwa vibaya na yadi. 11.6 ni giaboksi na tairi. 3.5 ni joto na unyevu. 3.7 zilirudi kwa filta, plagi na upoozaji bora. Zimebaki 2.9.

Je, 2.9 ni uongo wa kiwanda? Roli yenyewe ina shaka ya asilimia 2 hadi 3, kipimo cha upotevu kina shaka ya kilowati moja hivi. Kwa pamoja tunakadiria kW 3 juu au chini. Matokeo ya 77.3 kwa hiyo yanasimama kati ya 74.3 na 80.3, na 80.2 imo ndani. Mtelezo wa toku konvata, lile tundu tuliloliacha, haujahesabiwa, na ungepandisha matokeo, si kuyashusha. Kanuni ya 85 yenyewe inaruhusu injini mpya inayotoka kiwandani ipishane na namba iliyoidhinishwa kwa asilimia 5, maana yake hata 76.2 ingepita. Hii ya kilomita 142,000 iko juu ya hapo.

Dai dhidi ya mtengenezaji limeanguka. Hatusemi imethibitishwa kwamba injini ilitoa 80.2 ilipokuwa mpya. Roli moja na gari moja kuukuu haviwezi kuthibitisha hilo kwa upande wowote. Mnunuzi akitaka kuendelea, anahitaji magari kadhaa ya modeli ile ile yaliyotunzwa vizuri, yapimwe kwenye roli moja, siku moja, kwa utaratibu huu. Yakikaa yote asilimia 8 chini, hapo ana kesi, na tutasimama naye.

Dhidi ya yadi anayo hoja ndogo lakini halali: waliandika hp mahali pa PS, na waliuza gari lenye filta iliyoziba na plagi zilizokwisha. La kwanza lirekebishwe kwenye tangazo. La pili ni bei ya filta moja na plagi nne, na karatasi za vipimo viwili, cha kabla na cha baada, ndizo za kuwawekea mezani.